Makofi ya Bibi Yangu Kanisani

Niliondoka Sumbawanga kwa sababu ya makofi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa amesoma katekisimu miaka na miaka akingoja ubatizo, na sasa katekista, mwalimu wa dini wa kigango chao kijijini, amekataa kumsimamia mbele ya padri. Kosa lake? Padri akiinua Sakramenti, wenzake wakipiga magoti, yeye hulala chini kwa ubavu na kupiga makofi taratibu, kama wazee wetu Wafipa wanavyomwamkia Mwene, mtawala wao. Eti ushenzi. Bila katekista hakuna ubatizo, na kifua cha Bibi kilikuwa kinambana. Kila baridi tuliogopa itamchukua. Mimi nilikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la tajiri mmoja Mwislamu. Nilipomweleza, akaniuliza mtu anakatazwaje kumsujudia Mungu. Nikaomba ruhusa, akanipa.

Jumamosi alfajiri nilipanda lori lake hadi njia panda ya Kaengesa, kisha nikashika njia ya miguu. Upepo wa Ufipa hauna adabu, unaingia mpaka kwenye mifupa. Nilipita mashamba ya ulezi uliokwisha vunwa, nikasalimiana na watu kwa Kifipa, huku nikitunga maneno ya kumwambia katekista. Nilitunga mengi, na mazuri machache.

Mchana nilifika kwenye kigango hicho, ambacho jina lake sitalitaja. Makofi yalinifikia kabla sijaona paa la kanisa, nikadhani Bibi kashinda. Wapi! Ndani, katekista alikuwa akiwafundisha waumini wote kulala chini na kupiga makofi. Kesho yake Mwene angekuja pamoja na Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya, kwenye ibada ya Baraka ya Sakramenti, na katekista alitaka waamkiwe ipasavyo. Alishika kengele ya altare, maana hapakuwa na nyingine. Ikilia, watu wageukie mlangoni, walale, wapige. Ikilia tena, tena. Mama mmoja mnene alirudishwa chini mpaka akahema, kwa kosa la kuchelewa. Viti viwili vyenye mito vilikwisha wekwa mbele, karibu na altare kuliko sanamu ya Mama Maria mwenyewe. Bibi alikaa kando ya ukuta, akitazama.

Nilimwamkia katekista kwa adabu yote niliyojaliwa, ambayo si nyingi, nikamuuliza mbona makofi ya Bibi ni ushenzi na haya siyo.

"Bwana fundi," akajibu akifuta jasho, "hii ni heshima ya wakubwa. Mungu tunampigia magoti. Tusichanganye mambo."

Kumbe Mungu si mkubwa! Hata hivyo nilimsihi. Akasema Bibi ajizuie kesho, mbele ya wageni, naye atamsimamia Jumatatu abatizwe. Akipiga hata kofi moja, basi tena.

Jioni, tukila ugali wa ulezi, nilimbembeleza Bibi akunje mikono siku hiyo moja tu. Akasema atajaribu. Machozi yalimlengalenga, nami nikamchukia yule katekista kwa moyo wangu wote.

Jumapili alasiri kanisa lilijaa, wageni hawakutokea. Padri, mzungu mzee asiyependa kungoja mtu, akaanza. Ubani ukafuka, tukaimba kwamba Mungu ni mtakatifu na ufalme wake hauna mwisho. Kisha akachukua monstransi, kile chombo cha dhahabu kinachobeba Hostia, akatugeukia atubariki nayo. Mtumishi wa altare akatikisa kengele ile ile.

Jamani, kanisa zima likageuka. Watu waliofunzwa kutwa nzima walimpa Mungu kisogo, wakalala kuelekea mlangoni, wakapiga makofi ya kupendeza kweli, katekista akiwa wa kwanza. Mlangoni palikuwa na mbuzi. Alitutazama, akatafuna, akaenda zake.

Bibi peke yake alielekea altareni. Alikuwa amekunja mikono kama alivyoahidi. Mwishoni akashindwa, akalala kwa ubavu, akapiga. Nikafumba macho. Nilijua ubatizo umekwenda.

Padri alirudisha Sakramenti mahali pake, uso umemwiva, akashuka hadi kwa Bibi. Katekista akawahi kueleza kwamba ajuza huyu alikatazwa. Padri akamwashiria anyamaze, akamuuliza Bibi alikuwa akimwamkia nani.

"Mwene," alisema Bibi, bado yuko chini. "Wa zamani nilimpigia makofi, akafa. Aliyemfuata nikampigia, naye tukamzika. Huyu hafi, Baba. Nimwamkie kidogo kuliko wale?"

Padri aliagiza maji yaletwe, na mshumaa wa ubatizo akamshikisha katekista. Ubatizo ukiwa katikati, motokaa ya wageni iliunguruma nje. Katekista alichungulia mlangoni, akamtazama padri, akabaki na mshumaa wake. Mwene na Bwana Shauri waliingia wenyewe, wakasimama nyuma, na hakuna aliyewageukia.

Jumatatu nilirudi mjini. Tajiri aliniuliza nimejifunza nini huko shamba. Nikamwambia nimejifunza kwamba mtu anaweza kuilinda heshima ya Mungu kwa nguvu zake zote, na muda wote huo amempa kisogo.