Alama Mbili za Penseli Ndani ya Kaseti

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa mezani kabla ya saa nne asubuhi. Ilikuwa karakana ya redio na televisheni kule Jeppestown, Johannesburg, chumba kirefu chenye dirisha moja lililotazamana na hosteli ya wafanyakazi. Nilikuwa nimetoka Tanga mwaka uliotangulia, nimemfuata mume wangu, na cheti changu cha ufundi wa redio nilikuwa nimekileta kimekunjwa ndani ya khanga. Mteja akaleta kaseti ya gemu iliyogoma kuwaka. Nikaipokea, nikaigeuza, nikaipuliza kwa pumzi zangu zote kama nilivyoona kila mtu akifanya. Fundi Mkuu, mtu wa Lubumbashi, mpole wa sauti lakini si wa macho, akaichukua mkononi mwangu.

"Mate ni mayi, mama," alisema, maji kwa Kiswahili cha kwao. "Mayi na umeme haipatane."

Akanionyesha kibao karibu na mlango, nikae hapo niwatazame wengine mpaka jioni. Nilikuwa mtu mzima, nina mtoto, na nilikaa pale nimenuna kutwa nzima. Lakini tangu siku ile sijapuliza kaseti tena, na nimewanunia wengi waliopuliza.

Vijana mnaosoma haya huenda mnadhani kaseti ya gemu ni kama ile ya muziki. Hii haina utepe. Ni kasha la plastiki, ndani yake mna bodi ndogo ya kijani, na juu ya bodi kuna chipu moja au mbili zilizobeba gemu nzima. Ukingoni mwa bodi kuna meno ya shaba yaliyopakwa dhahabu nyembamba sana, na hayo ndiyo yanayogusana na mashine. Meno yakichafuka, picha inakuja na michirizi, au haiji kabisa. Mtu anaichomoa, anapuliza, anairudisha, inawaka, basi anaamini pumzi yake ni dawa. Kumbe ni kule kuchomoa na kurudisha ndiko kulikosugua uchafu kidogo. Pumzi yenyewe imeacha unyevu tu, na unyevu utazaa kutu. Nimewaeleza hivyo Wakongo, Warundi, Wakenya na wetu wa Dar, wote wakaitikia kwa kichwa, kisha wakaenda nyumbani kupuliza.

Fundi Mkuu alitufundisha kuishuku kaseti mwisho kabisa. Kwanza unachukua kaseti nzima unayoijua, unaiweka kwenye mashine ya mteja. Nayo ikigoma, basi ugonjwa uko kwenye mashine, na kaseti ya watu imesingiziwa bure. Ikiwa mashine ni nzima, ndipo unaishika kaseti, unasafisha meno yake kwa pamba na spiriti, taratibu, kuelekea upande mmoja. Msasa ulikuwa haramu pale, kwa sababu unaondoka na dhahabu yote. Mwenzetu mmoja alikutwa na kipande cha msasa kwenye droo akaambiwa akafanye kazi ya useremala.

Na kila kaseti uliyomaliza kuitengeneza, uliandika ndani ya kasha kwa penseli, herufi mbili za jina lako na tarehe. Nilimuuliza kuna faida gani, maana mteja hataiona. Akanijibu kwamba ile si ya mteja, ni ya fundi mwenzako atakayefungua baada yako, ajue wa kumuuliza. Mimi nikawa Z.S., Zuhura Shekue, na penseli yangu niliichonga kila asubuhi.

Baada ya miaka minne nilihamia mjini kati, kwenye idara ya huduma ya kampuni moja iliyoingiza mashine za gemu. Huko mafundi tulikaa nyuma ya ukuta na wateja walipokelewa kaunta, hatukuonana nao kabisa. Meneja wa Huduma alikuwa mtu wa tai na saa kubwa. Alipita kila jioni kuhesabu kaseti tulizomaliza, na Ijumaa alihesabu mara mbili. Sikumchukia. Alinipa kiti kizuri na taa nzuri, na aliponisifu mbele ya wenzangu nilitembea mpaka kituo cha teksi nikijiona malkia. Sifa aliyonipa ilikuwa kwamba kazi ya Zuhura hairudi.

Sifa hiyo niliishika. Nilipoacha kampuni na kufungua chumba changu mtaa wa La Rochelle, ubavuni mwa spaza, kiduka cha Mrundi mmoja, niliirudia kwa kila aliyeingia. Kazi yangu hairudi. Niliisema hata kwenye arusi, mtu akiniuliza habari za siku. Binti yangu Rehema alikuwa akisogeza midomo kunifuatisha kila nikianza, mtovu wa adabu yule. Mashine mpya zikaja ambazo hazina kaseti, wateja wakapungua, kisha miaka ya karibuni wakarudi tena, watu wazima wenye ndevu, wamebeba gemu za utotoni ndani ya mifuko ya plastiki. Nikafanya kazi mpaka macho yakaanza kudai taa ya pili. Mwaka huu nikatangaza kwamba nafunga.

Wiki ya mwisho, siku ya Jumanne, akaingia Profesa. Ni Mkenya, mhadhiri mstaafu, mrefu, na mkongojo anaubeba zaidi ya kuutumia. Akaweka mezani kaseti ya manjano iliyofungwa kwenye leso. Akasema inawaka vizuri, lakini baada ya dakika kumi hivi picha inavurugika na kila kitu kinasimama.

"Msichana wangu Njeri anakuja Jumamosi kutoka Kanada," alisema. "Hii safari tulianza akiwa na miaka kumi na moja. Tumebakisha ngome moja tu."

Nikamuuliza kwa nini wasianze upya, gemu ni ile ile. Akaeleza kwamba Njeri alizaliwa hapa, na akiwa mdogo alijibu kila kitu kwa Kiingereza, na mitaani kwa Kizulu. Kiswahili alikisikia tu, hakukisema. Isipokuwa wakicheza gemu hii. Hapo alipiga kelele, Baba kushoto, Baba ruka, ngoja, ngoja. Maneno yote ya Kiswahili aliyowahi kumwambia baba yake yalikuwa kwenye safari ile, na safari yenyewe ilikuwa imehifadhiwa ndani ya kaseti, mahali walipoiachia alipokwenda shule ya bweni.

Lazima nieleze hapa. Gemu ndefu za aina hii zina chipu ya pili, ndogo, inayokumbuka mchezaji amefika wapi. Chipu hiyo inaishi kwa betri ya duara kama ya saa, iliyolehemiwa kwenye bodi. Betri ikifa, au ukiing'oa ovyo, kumbukumbu inafutika palepale na hakuna fundi duniani wa kuirudisha. Hata picha kuvurugika katikati ya mchezo kunaweza kuandika takataka juu ya kumbukumbu. Nikamuuliza ameiwasha mara ngapi wiki hiyo. Mara tano. Nikamwambia asiiwashe tena, na mimi pia sitaiwasha, nitatafuta ugonjwa kwa macho.

Mashine yake alikuwa amekuja nayo, nikaijaribu kwa kaseti yangu nusu saa nzima, ikawa nzima. Na kaseti inayowaka ikiwa baridi na kugoma ikipata joto, mara nyingi ina kiungo kilichopasuka. Joto linatanua vitu, ufa unafunguka. Nikafungua skrubu, nikaondoa kifuniko, na kabla sijaitazama bodi nikaiona penseli.

Z.S., na tarehe. Nikaiangalia siku kwenye kalenda ya simu yangu. Ilikuwa Ijumaa.

Nikachukua lenzi. Kaseti hii ilipata kuangushwa zamani, na mguu wa tisa wa chipu kubwa, kimojawapo cha vijipini vinavyoishikiza kwenye bodi, ulikuwa umelehemiwa upya. Lehemu nzuri inang'aa na kupanda mguuni. Hii ilikuwa ya kijivu, imekaa kama donge la ugali lililopoa, na kuizunguka palikuwa na ufa mwembamba. Sisi tunaiita lehemu baridi, iliyowekwa na mtu aliyeondoa chuma chake kabla risasi ya kulehemia haijayeyuka sawasawa. Inashika miaka, kisha inaachia. Kuhesabiwa na Meneja kulinifanya niwe na haraka, lakini sitamsingizia, kwa sababu mkono ulikuwa wangu.

Profesa akauliza nimeona nini. Nikamwambia kuna kiungo kilifanywa vibaya.

"Kuna fundi aliifungua zamani, pale mjini kati," alisema. "Hawa watu wa haraka haraka. Pengine ni yeye."

Angekwenda zake asijue. Alama aliyoiona yeye ilikuwa mikwaruzo ya penseli tu. Na mimi nilikuwa na siku nne tu za kazi, na sifa moja ya maisha yangu yote. Nilisikia aibu, nayo ilinishuka kuanzia masikioni.

"Ni mimi, Profesa," nilisema. "Z.S. ni Zuhura Shekue. Nilikuwa nyuma ya ukuta."

Akaivuta kaseti karibu, akaitazama alama ile, kisha akaisukuma kurudi mbele yangu.

"Basi hakuna anayeijua kuliko wewe," akasema. "Endelea, mama." Akaweka mkongojo chini, akaketi.

Nilianza na betri, maana mita ilisoma volti mbili nukta tano na mpya husoma tatu. Kabla ya kuigusa, niliunganisha betri msaidizi kwa nyaya mbili, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ili kumbukumbu isikose chakula hata sekunde moja. Chuma cha kulehemu nilikipasha, halafu kila mara kabla ya kugusa bodi nilikichomoa ukutani, umeme wa ukutani usije ukapenya ndani ya chipu. Nikaitoa betri iliyochoka, nikaweka mpya, nikamwondoa msaidizi. Ndipo nikaurudia mguu wa tisa. Nikanyonya risasi yote ya zamani, nikapaka dawa ya kulehemia, nikashika chuma pale na kuhesabu polepole mpaka nne, mpaka ikang'aa na kupanda. Nilikuwa najifunza kazi ya siku ya kwanza katika wiki ya mwisho, na kusema kweli niliifurahia.

Tukaiwasha. Ukatokea ukurasa wa majina, na majina yalikuwa mawili, BABA na NJERI, na pembeni ya kila moja idadi ya ngome walizopita. Tukaiacha iwake saa nzima. Haikutikisika. Machozi yalinilenga na nikajifanya natafuta kitambaa cha kufutia meza, lakini Profesa naye alikuwa akiutafuta mkongojo wake uliokuwa miguuni pake.

Jumapili alinipigia simu. Walikuwa wamecheza mpaka kwenye mlango wa ngome ya mwisho, na hapo Njeri akamshika mkono. Ngoja, Baba, alimwambia. Akahifadhi safari, akazima mashine, akasema wataimaliza akija tena Desemba. Profesa alitaka kujua betri niliyoweka itadumu mpaka lini. Nikamwambia miaka kumi na tano, pengine zaidi. Akacheka, akasema itaishi kumpita yeye. Nikamwambia hiyo si shida, kuibadilisha nitamfundisha Njeri.

Sasa nimestaafu, nalala mchana kama mtoto, na Rehema amekosa cha kunifuatisha kwa midomo, maana ule usemi wangu siusemi tena. Sijapungukiwa kitu. Kazi yangu ilirudi, nikawepo. Na wewe fundi utakayefungua siku moja kaseti ya manjano na kukuta Z.S. imeandikwa kwa penseli mara mbili, moja chini ya nyingine, usinionee huruma. Anza na mguu wa tisa.