Kadi Niliyoileta Nyumbani

Mjukuu wangu wa kike alipokuwa Gredi ya Nne nilimfundisha kusoma hadithi moja ya mistari kumi na miwili. Kwa sababu ya hadithi hiyo alikaa zaidi ya mwaka mzima bila kujua kusoma. Nasema nilimfundisha kwa kuwa ndivyo nilivyowaambia watu.

Wakati huo tuliishi pamoja Kibera, upande wa Soweto East, mimi, binti yangu na huyo mtoto. Binti yangu alikuwa akifua nguo katika nyumba za Nyayo Highrise na alitoka asubuhi kabla mtoto hajaamka. Mimi nilikuwa nimestaafu kazi ya stoo huko Industrial Area. Nina cheti cha Kidato cha Nne, na katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga cheti hicho kilitosha kunipa jina la Mwalimu. Watoto walikuja mlangoni kwangu jioni na madaftari yao, nami nikiwasaidia hesabu na insha huku wazazi wao wakipita na kunisalimu kwa heshima. Sikuichukia heshima hiyo.

"Baba, mimi niliishia darasa la saba," binti yangu aliniambia. "Huyu nakuachia wewe."

Mwaka huo shule yao iliamua kumpima kila mtoto peke yake. Mtoto angeketi mbele ya mtu mzima na kupewa kadi yenye herufi, kisha maneno, kisha aya, kisha hadithi. Upande wa pili kulikuwa na hesabu, kuanzia kuzitambua namba hadi kugawanya. Pale alipokwama, hapo ndipo angeanzia kufundishwa. Waliokwama wangekusanywa saa moja kila siku baada ya chakula cha mchana, wa gredi zote pamoja, wafundishwe upya. Walimu hawakutosha, kwa hiyo wazazi wachache tuliosoma tuliombwa kusaidia kupima. Tulielezwa vizuri kabisa kwamba kadi si ya kumwaibisha mtu, na kwamba haipaswi kutoka ofisini.

Lakini watoto wa ploti walikuwa wameshapata habari. Walijua kutakuwa na kundi la herufi, na walikuwa wameshalipa jina.

"Wewe ni baby class!" walimwambia msichana mmoja wa nyumba ya tatu. "Kuja tukushike mkono uandike a."

Nilimwangalia mjukuu wangu, aliyekuwa akicheka pamoja nao, na nikajua kwamba yeye pia hasomi vizuri. Nilikuwa nimejua kwa muda. Nilifikiria watu watasema nini wakisikia kwamba mjukuu wa Mwalimu yuko kundi la herufi. Jioni ya siku tuliyofunzwa kupima niliikunja kadi moja ndani ya gazeti nikaenda nayo nyumbani.

Hadithi ilimhusu mbuzi aliyekula kofia ya mwalimu mkuu. Nilisoma mstari, naye akaurudia. Tulifanya hivyo siku sita, akiosha vyombo, akikunja nguo, akingojea chai ipoe. Siku ya nne aliweza kuisema yote na hata akaweka sauti ya mbuzi. Nilipoweka kidole katikati ya ukurasa na kumwuliza, "Hili ni neno gani?" midomo yake ilitembea. Alikuwa akianza kutoka juu, kimya kimya, mpaka afike pale kidole kilipo.

"Kofia," alisema hatimaye.

"Vizuri," nilimwambia.

Hapo ndipo ningeweza kuacha. Niliona wazi alichokuwa akifanya, na nikaendelea.

Siku ya kupimwa hatukuruhusiwa kupima watoto wetu wenyewe. Mimi nilikuwa na kijana wa jirani kwenye dawati moja, na mjukuu wangu alikuwa dawati la pili na mwalimu mgeni kazini. Mwalimu alianza na hadithi, kwani ndivyo utaratibu ulivyokuwa: anayeweza hadithi harudishwi chini. Nilimsikia akiisoma bila kukwama, mbuzi na kila kitu. Niligeuza kichwa. Kidole chake kilikuwa mstari mmoja nyuma ya mdomo wake. Mwalimu alikuwa ameinama akiandika na hakukiona. Mimi nilikiona. Nilimgeukia kijana wangu nikamwambia asome neno linalofuata.

Katika ripoti iliandikwa: anasoma hadithi. Kwenye hesabu alipata kila kitu, na hilo lilikuwa lake kabisa. Binti yangu alinunua soda.

Mwisho wa mwaka huo binti yangu alipata kazi ya kudumu Lavington, akahamia Kawangware ili awe anakwenda kazini kwa miguu. Mtoto alikwenda naye na ripoti yake. Shule mpya nayo ilikuwa na saa ya kusoma kwa waliobaki nyuma, lakini kwa ripoti ile hakuna aliyemfikiria yeye. Kila nilipopiga simu, binti yangu alilalamika.

"Mwalimu wake anasema ana kiburi. Ukimpa namba tupu anapata zote. Swali likianza na 'Mama alinunua', anaacha nafasi wazi. Anasimamishwa mbele ya darasa na bado haandiki."

"Atazoea," nilisema.

Likizo ya Aprili alikuja kukaa nami. Nilikuwa nimetoka kufanyiwa upasuaji wa jicho, na lile lingine halikuwa na nguvu. Asubuhi moja tulikuta karatasi imebandikwa kwenye lango la ploti, imeandikwa kwa mkono.

"Nisomee," nilimwambia.

Alisimama vizuri mbele yake, mikono nyuma, akasema kwa sauti safi: "Wapangaji wote wafagie mbele ya milango yao. Landlord atapita Jumamosi kuangalia. Asante."

Jumamosi nilichukua ufagio. Nilifagia mbele ya mlango wangu, nikaendelea hadi karibu na bomba. Jirani yangu, mama anayepika na kuuza githeri, alisimama na mtungi kichwani akanitazama.

"Mzee, leo ni sherehe gani?"

"Si landlord anapita?"

"Nani alikudanganya? Karatasi ilisema maji inafungwa leo mpaka Jumatatu. Umejaza mtungi?"

Sikuwa nimejaza hata sufuria. Yeye alicheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikacheka kidogo ili aondoke. Kisha nikaketi kwenye ngazi. Mtoto hakuwa amenidanganya. Nilikuwa nimemfundisha kwamba kusoma ni kusema bila kukwama, naye alifanya hivyo hasa.

Nilimwita. Nilichukua kitabu chake cha Kiswahili, nikakifungua katikati na kumwomba asome sentensi moja. Alianza kusimulia mambo ya picha. Nikaifunika picha kwa kiganja.

"Kuka, toa mkono," alisema. Kuka ni babu kwetu Waluhya.

"Soma hivi hivi."

"Si unajua siwezi," alisema. "Ulijua kutoka siku ile ya mbuzi."

Niliondoa kiganja, nikakifunga kitabu.

Shule zilipofunguliwa nilikwenda naye Kawangware. Sikumwambia tunachokwenda kufanya. Mwalimu wake alikuwa mama wa makamo, na alitupokea nje ya ofisi huku akisahihisha madaftari juu ya goti.

"Madam, ripoti aliyokuja nayo mtoto huyu si ya kweli," nilisema. "Nimeiharibu mimi."

Alidhani nimekuja kuisema vibaya shule ya kwanza. "Mzee wangu, mambo ya shule ile muulizane nao."

"Shule haina makosa. Niliichukua kadi kabla ya siku ya kupimwa, nikaenda nayo nyumbani, nikamkaririsha. Hajui kusoma."

Aliacha kalamu. Hakunikaripia, ingawa nilikuwa nimejiandaa kukaripiwa. Aliingia ndani akarudi na kadi nyingine na kumpa mtoto. Mtoto alisoma maneno mawili kisha akanitazama.

"Usimwangalie babu. Angalia hapa," mwalimu alisema.

Mtoto alishuka kutoka hadithi hadi aya, kutoka aya hadi maneno, na hapo ndipo alipoweza kusimama. Mwalimu aliandika. Kisha akasema, akinitazama mimi, "Na mimi huyu nimekuwa nikimsimamisha mbele nikidhani ni kiburi." Akamgeukia mtoto. "Kesho saa saba na nusu utakuja darasa la mwisho kule. Utakuwa na watoto wa Gredi ya Pili. Tutaanza polepole. Sawa?"

Mtoto alitikisa kichwa kukubali. Machozi yalimtoka tulipofika nje ya lango.

"Ungeniambia kwanza."

"Ningekuambia usingekuja."

"Watanicheka, kuka."

"Watakucheka."

"Na wewe hutakuwa hapo."

"Sitakuwa," nilisema. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Jioni hiyo nilimweleza binti yangu yote, kuanzia gazeti. Alinisikiliza huku akikata mboga za sukuma. Alipomaliza kukata alisema, "Baba, usimfundishe tena. Mnunulie kitabu ukitaka. Lakini usimfundishe." Nilikubali, na sijamfundisha.

Sasa yuko Gredi ya Sita na mtihani wa kitaifa ni mwisho wa mwaka. Mwalimu anasema amefika kwenye aya, na kwamba huenda mtihani ukamkuta hajaifikia hadithi. Hesabu za maneno ameanza kujibu. Nyingine anakosa, lakini haachi nafasi wazi. Hao wa Gredi ya Pili aliokuwa nao wameshamzoea na wanamwita sista.

Jumapili iliyopita nilikwenda kuwaona baada ya kanisa. Nilipofika mlangoni nilimsikia ndani akisoma kwa sauti, peke yake. Alisoma vibaya, kama mtu anayevuka mtaro kwa mawe. Akakwama.

"Wa-li-ku... wa-li-ku-ba..."

Kwa jinsi sentensi ilivyokuwa nilijua ni walikubaliana. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Niliufunga. Alirudi mwanzo wa sentensi, akaja tena mpaka pale, akakwama tena, akanyamaza kiasi kwamba nilidhani amekifunga kitabu. Kisha akalitamka lote, vipande vipande, na kuingia kwenye linalofuata, ambalo alilikosea.

Mpangaji wa chumba cha pili alitoka na beseni la nguo akaniona nimesimama pale na mfuko wangu wa ndizi.

"Mzee, wamekufungia?"

"Hapana," nilimwambia. "Kuna mtu anasoma. Nasubiri amalize."