Ngedere wa Mume Wangu

Mume wangu alirudi kutoka kwenye warsha akiwa na begi la kitambaa, kalamu za bure na dini mpya. Warsha yenyewe ilifanyika kwenye hoteli ya watalii upande wa hifadhini, na huko aliona meza ndogo ya mbao iliyowekewa makombo ya mkate, ndege wanashuka kula, Wazungu wanapiga picha. Basi. Mtu mzima, mtumishi wa serikali, mzaliwa wa kijiji cha Kasoli aliyemaliza utoto wake akifukuza ndege kwenye mpunga wa baba yake, akaniambia kwamba nyumba yetu ya Somanda, mjini Bariadi, inahitaji meza ya ndege.

Nilimuuliza ndege wa Bariadi wamemlalamikia lini kwamba wana njaa. Akasema sielewi ikolojia. Kweli, mimi nafundisha Kiswahili sekondari, ikolojia si somo langu. Lakini makombo ni somo langu, kwa sababu mimi ndiye ninayefagia.

Hapa niseme kidogo habari za makombo. Mimi ni Mpare. Kwetu chakula kinapikwa kwa kuangalia vichwa vilivyopo, na sufuria ikirudi jikoni na kitu ndani mpishi anaulizwa. Nimeolewa Usukumani, ambako ugali unapikwa kwa ajili ya waliopo na kwa ajili ya mtu ambaye huenda akatokea, na huyo ambaye huenda akatokea ana tumbo kubwa kuliko wote. Kwa miaka nilikuwa napika Kipare, kimyakimya. Kisha mama mkwe akaja kukaa kwetu, akachungulia sufuria yangu, akauliza kwa upole kama nyumba hii imeishiwa unga. Tangu siku hiyo ugali wetu ukawa mlima, na kila asubuhi tukaamka na kiporo cha kulisha kitongoji.

Mama alikuja kwa ajili ya macho. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kulia lilishafanyiwa upasuaji, la kushoto lilisubiri zamu yake, na daktari alisema wazi kwamba lisicheleweshwe. Kazi ilikuwa kumweka mama mjini mpaka zamu ifike. Hakuupenda mji. Alisema Somanda watu wanaishi ndani ya kuta kama mbuzi wa mnadani, hakuna anayemwamkia mwenzake, na mtu akifa chumbani atajulikana kwa harufu. Kila baada ya siku chache alifunga kanga zake kwenye fundo akidai anarudi Kasoli, na mimi nilimfungulia fundo nikimbembeleza. Nilimpenda yule mama. Nilishamwona anavyopapasa ukuta akitafuta mlango ulio upande wake wa kushoto, na sikutaka arudi shambani na jicho lile likiwa hivyo.

Meza ikatengenezwa, ikasimikwa chini ya mwarobaini nyuma ya nyumba, na kiporo kikapata ajira. Mwanzoni mambo yalipendeza, sikatai. Wakaja njiwa, wakaja chiriku, wakaja kwezi wenye bluu ya kung'aa. Mume wangu alikaa kwenye kiti cha plastiki na simu yake, anarekodi video na kuzituma kwenye grupu la ofisini zikiwa na maneno, "Asubuhi njema kutoka kwa majirani zangu." Majirani zake wenyewe, wale wa upande wa pili wa ukuta, hajawahi kuwatakia asubuhi njema.

Kisha wakaja kunguru, na njiwa wakajiuzulu. Baada ya kunguru wakaja panya, maana kinachodondoka chini nacho kina wenyewe. Na baada ya panya, kutoka kwenye mawe ya kilima kilicho nyuma ya nyumba yetu, wakashuka ngedere.

Mtu mwenye akili zake angeishia hapo. Mume wangu alifurahi mpaka machozi yakamlenga. Akawagawia vyeo. Lile dume kubwa likawa Mwenyekiti, yule mwembamba anayechungulia kila kitu akawa Mkaguzi wa Ndani, na jike mwenye mtoto kifuani akawa Mhazini kwa sababu, alisema, akishika kitu haachii. Ugali wa jana wakala. Wali wakala. Maharage wakayaacha, na mume wangu akaniomba nipunguze kupika maharage. Nilitoka nje nikaizunguka nyumba kwanza kabla ya kumjibu.

Ngedere aliyezoea kulishwa haji kuomba, anakuja kudai. Waliingia jikoni. Walijifunza kufunua sufuria, ila kufunika hawakujifunza. Walikunya juu ya tangi la maji. Mwanaume akitokea walisogea kando kidogo; sisi wanawake walitutazama usoni huku wakiendelea kutafuna. Na mama alikuwa amekata viazi vitamu, ameanika michembe yake kwenye mkeka juani, kwa sababu kwake nyumba isiyo na michembe si nyumba bali ni kituo cha kulala. Wale wanyama wakagundua kwamba bibi mwenye miwani myeusi haoni upande mmoja. Naapa waligundua. Walikuja upande huohuo kila siku.

"Kasoli ngedere anaiba anakimbia," mama aliniambia, amekaa pembeni ya mkeka mtupu. "Wa kwenu anaiba, halafu anakaa chini anakula huku ananiangalia. Mkwe, mimi naenda nyumbani. Jicho moja linatosha."

Nikamkabili mume wangu: meza au mama, achague. Alinijibu kama anayejibu barua ya ofisi. Suala limepokelewa. Wanyama wakikatiwa chakula ghafla watapata msongo. Tupunguze kwa awamu. Awamu! Mama yake yuko chumbani anafunga fundo, yeye anawapangia ngedere awamu. Nikamwambia kwamba jicho la mama likifa, nitamweleza kila shangazi yake wa Kasoli kuwa mwanaume huyu alilibadilisha na video. Alinuna. Siku hiyo alipunguza wali, ugali akauacha palepale.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa kwenye kikao cha harusi, mtaa wa pili kutoka kwetu. Mama hakutaka kuja. Fundo lilikuwa tayari, na safari hii alishaagiza bodaboda ya jioni. Nilikuwa nimebembeleza mpaka maneno yakaniishia. Nilikaa kwenye kikao kile nikiwa na hasira na huzuni pamoja, nikisikiliza watu wazima wakibishania soda. Hapo ndipo tukasikia mwano.

Mwano ni yowe la Kisukuma la kuita watu. Linapigwa kwa ajili ya mwizi, moto au mnyama mkali, na ukilisikia unakwenda. Huulizi nani, huulizi kwa nini. Unaokota kilicho karibu na unakwenda, na usipokwenda walinzi wa sungusungu watataka kujua ulikuwa wapi. Mimi nilikuwa nayajua hayo kwa kusimuliwa tu. Sauti ilianza nyembamba, ikapanda, ikadakwa na mwanamke mwingine, na mwingine tena karibu yetu, na ukumbi mzima ukamwagika nje. Mume wangu, mtu wa ikolojia na awamu, alichomoa mwiko mkubwa mikononi mwa mpishi akatimka na viatu vyake vya ofisini, mbio ambazo sikujua kama anazo. Alikuwa anakwenda kumwokoa mtu fulani. Alipokata kona ndipo akaona lango linaloingiwa na watu ni letu.

Uani hapakuwa na pa kukanyaga. Watu wana marungu, fimbo, mapanga. Kinyozi alikuja na mteja wake, amenyolewa upande mmoja. Mama muuza dagaa alikuwa na beseni lake bado kichwani. Jirani wa upande wa pili wa ukuta alikuwa ameshika jembe, tena ametangulia mbele ya wote. Mama alisimama mlangoni bila miwani, akisema mwizi yuko chumbani kwake: mfupi, koti la kijivu, amekaa kitandani anafungua fundo lake.

Kamanda wa sungusungu wa mtaa wetu, ambaye siku zote anaziba pancha pale njia panda, akaamuru mwizi atoke mikono juu. Akaamuru tena. Akatoka Mwenyekiti, anaburuza kanga ya mama kwa mkono mmoja, michembe kwenye mkono wa pili. Alitutazama wote, akaona hakuna aliyekuja na sahani, akaenda kupanda kwenye meza yake chini ya mwarobaini na kusubiri ahudumiwe.

Muuza dagaa ndiye aliyeanza kucheka, beseni likawa linayumba kichwani. Kamanda hakucheka. Alisema mama hana kosa, ameona mwizi na mwizi alikuwepo. Anachotaka kujua ni nani aliyemfundisha mwizi njia. Hapo mtu mmoja wa ofisini kwa mume wangu, naye alikuja na rungu lake, akatoa simu akaanza kuonyesha video moja baada ya nyingine. Ile ya Mwenyekiti akila wali ilipita mikono mingi. Alikuwa anakula kutoka kwenye sahani yangu ya wageni yenye maua, ambayo niliitafuta mpaka nikakata tamaa.

Hukumu haikuchukua muda. Aliyesababisha mwano wa bure atawalisha walioitika, mbuzi mzima, leo hii. Mume wangu akauliza kama adhabu inaweza kutekelezwa kwa awamu. Kamanda akamuuliza kama anataka wawe mbuzi wawili. Kuni zilipopungua, kamanda mwenyewe akaipasua meza ya ndege kwa shoka, na hakuna aliyeitetea.

Nilipika siku ile na wanawake ambao nimeishi nao mtaa mmoja bila kuzijua sauti zao. Mama aliwekewa kigoda katikati. "Mwadila, mayu," kila aliyefika aliinama kumsalimia na kumpa mkono, na yeye hakuuachia mpaka ajue mtu huyo ni wa wapi na wa ukoo gani, na karibu kila mmoja alimpatia undugu. Watu walipomaliza kula akaamuru asitoke mtu mikono mitupu, wafungashiwe ugali na nyama, mwenye mfuko na mwenye beseni. Sufuria zilirudi jikoni tupu, kwa mara ya kwanza tangu mama aingie nyumba ile. Ngedere walikaa juu ya ukuta wakingoja, na jua lilipoanza kuzama wakarudi kilimani kwao.

Bodaboda ikaja, ikapiga honi langoni. Mume wangu, macho mekundu kwa moshi na shati la vikao limeingia damu ya mbuzi, akaenda kumbebea mama fundo lake. Hakuinua uso. Alikuwa anaona aibu, na nilimwacha aione.

"Weka chini, baba," mama akamwambia. "Mimi nilipiga mwano nikijua hakuna atakayekuja. Nilipiga kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya. Nilidhani hapa mtu anakufa na redio ya jirani inaendelea kuimba."

Akapangusa jicho la kushoto kwa upindo wa kanga.

"Jumatatu nipeleke kwa daktari. Wamekuja watu wote wale, nimewashika mikono, na walionikalia upande huu sikuwaona hata sura."