Stika ya Kijani ya Wanjala

Wewe unayesoma hapa, uligeuza uso.

Usiniambie ulikuwa mdogo. Usiniambie hukuwepo Kampala. Kama si wewe, basi ni baba yako, au shangazi yako aliyekuwa na genge pale Banda, akaona yote, akaendelea kupanga nyanya.

Mtu alipotea mchana kweupe kwa sababu ya kikaratasi cha kijani kisichozidi kiganja. Kilikuwa halali. Kilikuwa na muhuri. Alikitafuta wiki tatu nzima, na siku alipokipata alilala usingizi kama mtoto.

Nilikuwepo. Nitasema nilikuwa wapi, lakini mwishoni, maana nikianzia hapo sitamaliza.

Ilikuwa Agosti, mwaka wa sabini na sita.

Wanjala alikuwa mpanga herufi kwenye kiwanda kidogo cha chapa Wandegeya. Kazi ya vidole: unaokota herufi za risasi moja moja, unazipanga kinyumenyume, karatasi inatoka inasomeka. Mbukusu wa Bungoma, miaka tisa Kampala, chumba kimoja Kyebando na mkewe Nafuna.

Mwezi ule serikali ya wanajeshi ilikuwa imegombana na Kenya, na kuwa Mkenya Kampala lilikuwa kosa. Huulizwi umefanya nini. Unaulizwa jina, unaulizwa kwenu wapi, imetosha.

Jirani yao alishushwa kwenye basi la Busia, mpakani, siku ya Jumatatu. Alhamisi sanduku lake likaonekana sokoni, linauzwa.

Nafuna alikuwa na mimba ya miezi minane.

"Kwenye basi sipandi," alimwambia mumewe. "Na hapa sizalii. Tafuta la kufanya, baba."

La kufanya lilikuwa moja. Wanjala alikuwa na gari.

Nikisema gari, usipige picha kubwa. Ford Anglia ya mwaka wa hamsini na tisa, ilikuwa ya mwalimu mmoja aliyehama. Mlango wa kushoto ulifungwa kwa waya. Lakini ilitembea.

Haikuwa na bima.

Na kwenye kila kizuizi, askari alianza na kioo cha mbele. Anaangalia stika. Hakuna stika, shuka. Ukishuka, wanakuuliza jina. Hapo ndipo Wanjala alipokuwa hataki kufika.

Ofisi ya kwanza, barabara ya Kampala, karani hakuinua hata macho. "Gari ikipita miaka kumi hatuchukui."

Ya pili walikubali, lakini bima kubwa tu, ile ya kila kitu. Wakamtajia bei.

"Dada, kwa hizo nanunua Anglia nyingine, nabakiwa na za mafuta."

"Basi kanunue," dada akasema.

Ya tatu walitoka nje kuiona gari. Walicheka, wakamwita na mwenzao wa ghorofani ashuke acheke.

Alirudi kazini amekunja uso. Na kazini mle, siku ile, unajua alikuwa anachapa nini?

Stika za bima.

Kiwanda chao kilikuwa na kandarasi. Mia tano kwa siku. Zilizotoka mikononi mwake zingejaza pipa, na yeye hana hata moja.

Mwenzake kwenye mtambo, Mjaluo mmoja anaitwa Owino, mdomo kama cherehani, alimwonea huruma kwa namna yake.

"Omera, wewe ni kama mpishi anayekufa njaa ameshika mwiko."

"Niache, Owino."

"Chukua moja. Nani atahesabu? Mimi nimeshaitoa, tena hii hapa, ya njano safi."

Maana stika za bima zote zilikuwa za njano. Miaka na miaka, njano.

Wanjala aliishika ile karatasi, akaitazama sana. Kisha akaiingiza kwenye jiko la mkaa la kuchemshia gundi.

"Wakinishika na ya kughushi," akasema, "hata Mungu atashindwa kunitetea. Nataka ya kweli. Mke wangu atapita mbele ya bunduki, Owino. Nataka nikiulizwa nijibu bila kutetemeka."

Huyo ndiye alikuwa Wanjala. Mtu aliyeamini karatasi. Nami nawaambia, serikali ile iliwala kwanza watu wa aina hiyo.

Aliyemwokoa, au tuseme aliyejaribu, alikuwa Mzee Mahmoud. Mswahili, watu wake walitoka pwani zamani na biashara wakabaki Wandegeya. Alikuwa wakala wa kampuni moja ndogo ya bima, meza yake ndani ya duka la sukari lisilo na sukari.

Alitoka, akaizunguka Anglia mara mbili.

"Mwanangu, hii umeifukua wapi?"

"Inatembea, mzee."

"Hata mimi natembea, na bima hawanikatii." Akajikuna ndevu. "Nitakupa ya thadi pati. Ukimgonga mtu, analipwa. Wewe ukigongwa, pole yako. Miezi mitatu. Bei utaiweza. Lakini niletee cheti cha ukaguzi wa polisi, Naguru, wasije wakasema Mahmoud anakatia bima makopo."

Siku tatu Wanjala alipanda na kushuka kilima cha Naguru. Siku ya kwanza, taa. Siku ya pili, honi. Siku ya tatu mkaguzi akasema mlango.

"Mlango una waya, ssebo."

"Waya ni mpya, afande."

Mkaguzi akamtazama Nafuna aliyekuwa ameketi ndani na tumbo lake, jua linamchoma. Akapiga muhuri. Wapo waliokuwa na utu hata ndani ya magwanda, sikatai.

Nafuna aliuza cherehani yake. Wakalipa. Mzee Mahmoud akafungua droo, akatoa stika, akaandika namba ya gari kwa mwandiko wa madrasa.

Ilikuwa ya kijani.

"Njano imekwisha," mzee akasema. "Karatasi zilikuwa zinatoka Nairobi, na Nairobi imefungwa. Lakini wewe unajua kuliko mimi, si ninyi mnaochapa?"

Wanjala alijua. Juma lililopita bosi alileta mabunda ya karatasi ya kijani, mabaki ya majalada ya madaftari. Wanjala mwenyewe ndiye aliyepanga zile herufi. Kampuni ilikubali kwa barua. Kila kitu kilikuwa sawasawa.

Ila hakuna aliyewaambia askari.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, wakaondoka. Wanjala kwenye usukani, Nafuna pembeni yake. Nyuma, kati ya godoro na sufuria, Owino. Na yeye alikuwa Mkenya, na yeye alikuwa anakimbia.

Hawakufika hata nje ya mji. Banda, barabara ya Jinja, kizuizi.

Foleni ya magari manane. Mbele yao lori la mkaa. Nyuma yao bwana mmoja amevaa suti ya kahawia, ndani ya Peugeot. Kando ya barabara wanawake wa magenge. Wanjala akaona magari yanapita moja moja, kila kioo na njano yake, askari anapunga mkono. Mengine stika zake zilikuwa zimekwisha tangu Januari, yeye aliziona, jicho lake la kazi. Askari hakusoma. Alikuwa anatazama rangi.

Zamu yao ikafika.

"Bima."

"Hiyo hapo kwenye kioo, afande."

"Hii kijani. Bima iko njano."

"Imebadilishwa, afande. Karatasi ya njano imekwisha."

"Nani nakuambia nakwisha?"

Na hapo, ndugu zangu, Wanjala alifanya kosa ambalo ni mpanga herufi peke yake angeweza kulifanya. Alitabasamu. Alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa la kweli.

"Najua, afande. Hiyo nimeichapa mwenyewe."

Askari akasogeza uso dirishani.

"Sema tena."

"Mimi ndiye niliyeichapa. Kwa mikono hii." Akaitoa dirishani aione. Wino ulikuwa umeingia chini ya kucha miaka tisa, hautoki kwa sabuni yoyote.

Nafuna alielewa kabla yake. "Baba Concy, nyamaza," akamwambia. Mtoto hajazaliwa, lakini jina walishalichagua.

Askari akawaita wenzake. "Kuja ona. Huyu nachapa bima kwa nyumba yake. Nasema mwenyewe."

"Si nyumbani, afande, kiwandani. Wandegeya. Ni kazi yangu. Ulizeni. Huyu hapa nyuma tunafanya naye kazi, mwulizeni."

Askari akainama dirisha la nyuma.

"Wewe. Najua huyu?"

Owino alikuwa na wino uleule chini ya kucha zilezile. Aliikalia mikono yake.

"Hapana, afande," akasema. "Amenipa lifti tu, pale Wandegeya. Simjui hata jina."

Wanjala akageuza shingo. Alimtazama Owino jinsi unavyotazama herufi uliyoipanga vibaya na karatasi imeshatoka.

Walimshusha. Walimtia kwenye buti la gari lao. Foleni yote ikawa inatazama mbele, bwana wa suti akapandisha kioo. Anglia wakaichukua. Nafuna na Owino wakafukuzwa kwa miguu, hata majina hawakuulizwa.

Dereva wa lori la mkaa, aliyekuwa amesimama mbele kidogo, aliwabeba mpaka karibu na Busia, akawaonyesha njia ya kuvukia. Concy alizaliwa Bungoma siku kumi na moja baadaye.

Sasa niseme nilikuwa wapi.

Nilikuwa kiti cha nyuma. Owino ni mimi.

Miaka hii yote nimeandika barua magazetini, nimesimama masokoni, nimetukana marais watatu na machifu wasiohesabika. Nimewaita waoga, ninyi nyote. Maneno ya kweli kwenye kizuizi kile yalikuwa manne: "Ndiyo afande, ni mchapaji." Huenda wangetushusha sote wawili. Huenda wangemwachia. Sitajua mpaka nafukiwa.

Mwezi uliopita Concy alinipigia simu. Ana mvi siku hizi.

"Mzee Owino, mama anasema wewe unajua."

Shamba la Wanjala Bungoma linanyang'anywa. Watu wanasema hakufa, alimkimbia mke. Ili aandikwe kuwa alikufa, ofisi inataka mashahidi wawili wasio ndugu, waliomwona anachukuliwa. Kesi ni tarehe kumi na nne mwezi huu. Nafuna haoni tena vizuri, lakini amesema atakwenda mwenyewe.

Shahidi wa kwanza ni mimi. Nimekwisha kula kiapo na yale niliyosema nimeyaandika yote, hata lile la kutomjua.

Namtaka wa pili.

Wewe uliyekuwa na genge Banda. Wewe wa Peugeot, au mwanao. Wewe wa lori la mkaa, uliyetubeba, wewe ndiye uliyebaki na utu siku ile. Magari manane yalikuwa pale, na hatukuwa vipofu.

Usiniandikie pole. Usiniwekee picha ya mshumaa. Andika hapo chini: nilikuwepo, nilimwona, naitwa fulani. Kama ni mama yako aliyeona, ondoka kwenye simu hii sasa hivi, nenda chumbani kwake, mwulize kabla hajalala.

Nasubiri. Nafuna anasubiri.