Ngozi Ndani ya Bomba

Nilipokuwa mdogo kabisa nililala kwa bibi, kijijini Mgori, juu ya ngozi ya ng'ombe. Mvua ikinyesha paa linavuja, ngozi inalowa na kunuka, bibi anacheka tu. Sasa juzi sokoni fundi viatu kaloweka ngozi kwenye debe. Harufu ile! Haikunirudisha kwa bibi, ilinipeleka Singida mjini, enzi za Mwingereza, kwenye nyumba ya reli aliyopewa baba kazini. Ilikuwa na bomba ndani, nasi tulijiona wazungu kidogo.

Bomba likaanza kuvuja. Raba ya ndani ilikuwa imelika. Baba akakata kiduara cha ngozi mbichi, akakiweka mahali pa raba. Ngozi ikalowa, ikavimba, bomba likanyamaza.

"Fundi wa nini?" akajigamba. Mama akamchinjia kuku.

Kiangazi maji yakakatika. Ngozi ikakauka, ikasinyaa, wala hatukujua. Tukaenda msibani Ilongero, tukakaa matanga yote. Kurudi, kumbe maji yalisharudi bombani, yanatoka chini ya mlango. Magunia ya mtama, chakula chetu cha mwaka mzima, yamelowa, mtama umeanza kuota.

Jirani akachungulia. "Kumbe bwana ni fundi wa ng'ombe!"

Mama akachota mtama uliovimba kiganjani. "Baba watoto, hawa watakula nini?"

Baba akakaza bomba kwa nguvu zote. Likaendelea kutiririka.

"Naenda kutafuta mtama," akasema.

Akavua viatu visilowe, akavibeba mkononi, akashika njia. Hakurudi tena.