Mvua Iliyonyesha kwa Mama Peke Yake

Hadi leo nikikutana na harufu ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, waliofunikwa kabla hawajakauka, nainuka naenda zangu. Wajukuu husema bibi anaringa. Waache waseme.

Tulikaa Rumonge, karibu kabisa na ziwa, enzi za Wadachi, hao Wajerumani. Nilipapenda pale kupita kiasi, ingawa mbingu yake haikuwa na adabu: asubuhi jua kali, mara wingu limetoka milima ya ng'ambo, na kabla hujamaliza kumwita mtu, umelowa. Mwaka ule askari walikuwa wamemchukua baba akabebe mizigo ya Wadachi. Tukabaki mama, mimi wa miaka minane, na mdogo wangu Hamisi, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia. Tegemeo letu lilikuwa ndagala tulioanika mchangani. Wakikauka, mama angewapandisha milimani kubadilisha na maharage.

Fungu la kwanza liliharibiwa na mvua mimi nikicheza. Mama hakunipiga. Alilia, na hilo lilinitisha kuliko fimbo. Akawasaidia wavuvi kukunja nyavu, wakampa fungu jingine, la mwisho kabla ya mbalamwezi, maana mwezi ukijaa ndagala hawavuliwi. Akanikabidhi, akamfunga Hamisi mgongoni, akaenda kijiji cha Kizuka kuwapondea watu chikichi ili tupate mihogo.

"Ukiona wingu, kusanya," aliniambia. "Likipita, anika tena. Umesikia, mwanangu?"

Wingu likaja. Nikajaza vikapu, nikafunika kwa majani ya migomba. Mvua haikunyesha. Majirani wakaanika tena, Mama Saidi akanicheka: "Weye mutoto, mvua iko wapi?" Lakini ng'ambo kulikuwa kunanguruma, nami sikuthubutu. Siku mbili nilivikalia vikapu vile kama kuku anayeatamia, nikijiona mlinzi hodari.

Mama aliporudi alitia mkono kikapuni. Ndani kulikuwa na joto. Aliutoa mkono umejaa funza.

Maharage hatukupata. Majirani walitugawia walichoweza, kidogo, kwani nao walikuwa na watoto na waume wao walichukuliwa pia. Hamisi aliacha kukimbia, kisha akaacha kutembea. Tulimzika asubuhi moja ya jua zuri sana, na jua lile nalichukia hata sasa.

Baba alirudi na mabega yaliyochubuka. Alipoambiwa habari za Hamisi, aliuliza ndagala walikwenda wapi. Nilisimama mlangoni nikingoja jina langu litajwe.

"Mvua, Baba Mwajuma," mama alisema. "Mvua iliharibu yote."

Baba alitazama uani kwa Mama Saidi. Jirani huyo alikuwa akichambua maharage aliyopata kwa ndagala wa siku zile zile, walioanikwa kwenye mchanga uleule. Kisha akanitazama mimi.

"Eh," akasema. "Mvua ya huku haina huruma." Akaniagiza maji ya kunawa.

Nilikimbilia maji kwa furaha, nikidhani mama amemdanganya. Nilikuwa tayari na watoto wangu mwenyewe nilipoelewa kwamba baba alijua tangu dakika ile, na mama alijua kwamba anajua. Walikuwa wamekubaliana, bila kusema neno, kupoteza mtoto mmoja tu.