Saada Haitwi Tena Jikoni

Kwa miaka kumi na minane hakuna shughuli kubwa iliyofanyika Nandagala bila Saada Hassani kuwa jikoni. Watoto wakitoka jandoni, yeye ndiye aliyesimamia masufuria. Arusi, hitima, na hata ile siku Wakatoliki walipompokea padri mpya, walikuja kumwazima, maana wali wake wa watu mia tatu haukuwahi kuungua wala kubaki na kiini. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Akisema "punguzeni moto," hata waliomzidi umri walivuta kuni.

Mume wake alikwenda kuoa Masasi zamani, hakurudi. Mtoto wake mmoja tu, Zaina, ameolewa na Habibu, Ruangwa mjini. Nyumba ya Saada ilikuwa na vyumba viwili na mtu mmoja, lakini hakujiona mpweke. Hakuipata nafasi hiyo. Karibu kila wiki kulikuwa na mtu mlangoni: Mama Zaina, Jumamosi tunakutegemea.

Mwaka juzi, mwezi wa saba, binti mmoja wa kijijini alijifungua kwa shida, akahitaji damu. Watu walipanda gari kwenda kuchangia, na Saada alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Siku chache baadaye alipigiwa simu arudi hospitali. Muuguzi alimkalisha kwenye chumba kidogo, akafunga mlango, akamwambia kwa upole kwamba damu yake imeonekana ina virusi vya homa ya ini, aina ya B. Asichangie tena, na aanze kliniki. Alimweleza na mengine mengi, ila Saada hakuyasikia. Baada ya lile neno, masikio yake yalikuwa kama yamejaa maji. Alitoka na kikaratasi chenye tarehe ya kurudi, na tarehe ile ikapita.

Saada alimwambia Hajra peke yake, jirani na shoga yake tangu darasa la kwanza. Hajra alimshika mkono, akalia naye. Kesho yake hakuja.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na arusi ng'ambo ya barabara. Saada alifunga kanga kiunoni, akakaa kwenye kigoda, akasubiri kuitwa. Alisikia wanawake wakipita wakicheka. Baadaye ikamfikia harufu ya vitunguu vinavyokaangwa, akajua kuna mtu mwingine ameshika mwiko. Mchana alikwenda mwenyewe, kama mgeni. Wenzake walikula wanne wanne kwenye sinia. Yeye aliletewa sahani ya plastiki, akala. Alipoondoka sahani ile ilikuwa bado chini mkekani, na hakuna aliyetaka kuwa wa kuiokota.

Jioni hiyo Zaina alipiga simu.

"Mama, likizo hii watoto hawatakuja. Habibu amesema tusubiri kwanza, mpaka upone."

"Nani amekwambia naumwa?"

"Mama," Zaina alisema, "huku kila mtu anajua."

Hapo ndipo upweke ulipoingia nyumbani kwake. Aliusikia zaidi wakati wa kupika. Mikono iliyozoea kupima mchele kwa magunia haikujua kipimo cha mtu mmoja. Alipika, chakula kikabaki, akawapa kuku. Kesho alipunguza, na bado kikabaki. Zikapita siku mbili tatu bila kutamka neno, na akisema, sauti yake ilimshangaza. Msimu wa ufuta ukaja, akavuna peke yake. Watu walimsalimia vizuri tu, wakiwa wamesimama mbali kidogo kuliko zamani.

Mwezi wa pili alisikia habari za mganga wa mitishamba huko Nachingwea, anayesafisha ini kwa chupa tatu. Alichukua bodaboda mpaka Ruangwa, akapanda gari la Nachingwea. Mganga hakumuuliza maswali mengi. Alimpa chupa moja ya kuanzia, maji meusi yenye harufu kali, na karatasi ya rangi iliyobandikwa kwa gundi.

Akirudi stendi alipita kwenye jengo la zamani lenye kibao: Maktaba ya Umma, Karibuni Wote. Alisimama kwenye mlango. Hakuwa amewahi kuingia mahali kama pale. Alichotaka ni kitu kidogo tu: mtu asiyemjua, mwenye macho mazuri, amsomee maandishi madogo ya chupani.

Mkutubi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, jina lake Lusiana. Mle ndani kulikuwa na wanafunzi wawili wakiandika, na mzee mmoja mwenye gazeti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nisomee hapa. Nataka kujua ninywe mara ngapi."

Lusiana aliigeuza chupa polepole. "Imeandikwa inatibu magonjwa kumi na moja. Kisukari, presha, homa ya ini, mpaka nuksi." Akaigeuza tena. "Haijaandikwa imetengenezwa na nini. Wala nani ameitengeneza."

 Saada, labda kwa sababu alikuwa hamjui mtu yeyote pale, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nina hiyo ya ini."

Alisubiri mkono wa Lusiana uiachie chupa. Haukuiachia. Lusiana aliiweka mezani, akavuta kiti.

"Mimi si daktari, mama, siwezi kukwambia unywe au usinywe. Ila naweza kukutafutia yaliyoandikwa na wanaojua. Unasoma?"

"Niliishia la saba. Nasoma taratibu."

"Taratibu inatosha. Tunafunga saa kumi."

Alimletea kitabu cha afya cha Kiswahili, akamwonyesha kwanza ukurasa wa mbele: walioandika ni madaktari, majina yao haya, na mwaka huu hapa. Kisha akafungua kompyuta, akatafuta tovuti ya Wizara ya Afya, akachapisha karatasi nne. "Ukikutana na habari ya ugonjwa, kwenye simu au popote," alisema, "jiulize nani ameandika, lini, na kama kuna kitu anakuuzia."

Saada alisoma kidole kikiwa chini ya mstari. Akafika mahali akasimama, akarudia, midomo ikitembea: ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula pamoja, wala kwa kutumia sahani au kikombe kimoja, wala kwa kukumbatiana. Unaambukizwa kwa damu na majimaji mengine ya mwili. Kwa hiyo wembe na mswaki kila mtu awe na wake. Wengi huishi nao miaka mingi bila kuumwa, lakini ini lazima lipimwe mara kwa mara. Na dawa zisizojulikana zinaweza kuliumiza.

Machozi yalimtoka bila sauti. Mzee wa gazeti alitazama pembeni.

Akafungua karatasi ya pili. Humo ilielezwa kwamba mama mwenye virusi anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua, na mtoto akakua navyo bila kujua. Watoto wa siku hizi wanachanjwa wakiwa wachanga. Waliozaliwa zamani, kabla chanjo haijaanza, wapime.

Zaina alizaliwa mwaka wa tisini na sita.

Saada alikaa na mstari ule mpaka Lusiana alipoanza kufunga madirisha. Karatasi zilizokuwa zimemtetea dakika chache nyuma sasa zilikuwa zinamtuma kwa mtoto wake, na ujumbe ambao angeweza kuchukiwa kwa ajili yake. Angeweza kuuacha mle ndani. Hakuna ambaye angejua.

Chupa aliiacha juu ya meza. Karatasi alizikunja kwenye pindo la kanga. Gari lilipofika Ruangwa hakutafuta bodaboda ya Nandagala. Alitembea mpaka kwa Zaina.

Zaina alimkuta barazani. Watoto waliitwa ndani. Saada hakuomba kukaa.

"Sikuja kulala. Nimekuja kukwambia kitu, unisikilize mpaka mwisho."

Alimsomea ule mstari. Zaina aliichukua karatasi, akausoma mwenyewe, uso ukabadilika.

"Kwa hiyo umenipa."

"Sijui. Labda niliupata baadaye, labda nilikuwa nao. Karatasi haijui. Kipimo ndicho kinachojua."

"Na wanangu? Mama, na wanangu!"

"Kadi zao za kliniki zitaonyesha kama wamechanjwa. Wewe hukuchanjwa. Ndiyo maana nimekuja."

Zaina alisema maneno ambayo Saada hajawahi kuyarudia kwa mtu. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango. Karatasi alikwenda nayo.

Saada alianza kliniki wiki hiyo hiyo. Safari hii alikuwa na maswali yake, ameyaandika kwa kalamu nyuma ya kikaratasi cha zamani, na daktari akayajibu moja moja. Vipimo vilionyesha ini halijaharibika. Dawa haikuhitajika kwa wakati huo. Arudi kila baada ya miezi sita. Alimshukuru daktari, akatoka nje, na mikorosho ya kando ya barabara ilikuwa ya kijani kama kawaida. Hakukuwa na wa kumweleza.

Kijijini alijaribu. Alimweleza Hajra juu ya sahani na sinia. Hajra alisikiliza, akakubali kwa kichwa, akasema, "Mimi nakuelewa, Saada. Watu tu." Na watu waliendelea kuwa watu.

Miezi mitatu ilipita bila neno kutoka Ruangwa. Siku moja asubuhi, akiwa shambani anafyeka chini ya mikorosho, simu ililia.

"Mama, nimepima. Sina." Zaina alivuta pumzi. "Wamenichoma chanjo ya kwanza. Bado mbili. Habibu naye amepima, hana, naye amechomwa."

"Alhamdulillahi," Saada alisema. Simu ilikuwa imeshakatika. Alikaa chini kwenye majani makavu, akacheka peke yake mpaka kwikwi ikamshika, kisha akainuka, akaendelea kufyeka.

Walikuja mwezi wa kumi na moja. Zaina alikuja na mtoto mdogo, Rukia, aliyekuwa amekua kiasi kwamba bibi yake hakumfahamu mara moja. Habibu alibaki barabarani na pikipiki yake. "Shikamoo mama," alisema kutoka kule kule, kwa adabu. Saada aliitikia. Alimpelekea kiti chini ya kivuli, akakiweka hatua chache kutoka kwake, akarudi ndani. Habibu alikikalia.

Walikaa saa moja. Rukia alinywa maji kwenye kikombe cha bibi, na Zaina alimtazama akinywa, hakumzuia. Walipoondoka, mtoto alipunga mkono mpaka pikipiki ilipokata kona.

Saada alirudisha kiti ndani. Mchana ulikuwa bado mrefu. Akachukua kikapu, akaenda kuokota korosho.